Mitandao ya kampuni na mitandao huria: maswali tunayoulizwa Lamu

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yameulizwa dukani kwangu, kichochoroni nyuma ya Usita wa Mui ninakotengeneza simu, na yameulizwa barazani baada ya Isha, mengi na watu walewale waliorudi wiki ya pili kuyauliza upya. Nimeyapa nambari ili nisijirudie: ukiona "tazama la 9", ruka uende huko. Mimi ni fundi, tena ni mmoja wa watatu tunaoendesha seva ndogo ya Mastodon ya watu wa hapa (ni kitu gani, tazama la 1), kwa hiyo nina upande. Lijue hilo unaposoma.

## Mwanzo mwanzo

1. Mtandao wa kampuni ni upi, na mtandao huria ni upi?

Mtandao wa kampuni ni ule ambao kila kitu kiko mkononi mwa mwenye nyumba mmoja: kompyuta zinazohifadhi picha zako, programu unayoifungua kwenye simu, kanuni za nini kibaki na nini kifutwe, na orodha ya wanaokufuata. Facebook, Instagram, X (zamani Twitter) na TikTok ziko hivyo. Ukitaka kujibizana na aliye ndani, sharti nawe uingie ndani.

Mtandao huria hauna mwenye nyumba mmoja. Programu yake ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha, kuinakili na kuiendesha kwenye kompyuta yake. Kompyuta hiyo huitwa seva. Kila anayeiendesha ana seva yake, na seva hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Fikiria barua pepe: wewe una Gmail, karani wa kaunti ana anwani ya serikali, na barua inafika bila yeyote kumhamia mwenziwe. Mastodon kwa maandishi, Pixelfed kwa picha na PeerTube kwa video zinafanya kazi vivyo hivyo, na mkusanyiko wake huitwa fedivasi. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayozifanya zielewane ni ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018.

Huria si lazima iwe bure, na bure si lazima iwe huria. Facebook ni ya bure. Jaribu kuwaomba wakuonyeshe msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu.

2. Mimi silipi hata ndururu. Kampuni inakula wapi?

Kwenye matangazo. Katika kila dola moja inayoingia Meta, zaidi ya senti 95 ni za matangazo. Anayetangaza hana haja na picha za harusi ya dada yako. Ananunua muda wa macho yako. Basi kazi ya programu ni kukuweka hapo, na ili ikuweke, ndiyo inayoamua uone nini kwanza.

Jirani yangu aliona tangazo la maziko ya ami yake wa Faza saa nne asubuhi. Lilikuwa limetiwa jana yake kabla ya Adhuhuri, na mayiti alishazikwa baada ya Alasiri. Katikati ya hapo alikuwa ameshaifungua simu mara nyingi, akaonyeshwa mpira, mapishi, na mtu anayeuza viwanja. Hakuna aliyelificha tangazo lile. Halikuwa na faida tu.

Kwenye Mastodon mambo yanapangwa kwa saa: la sasa juu, la zamani chini. Inachosha ukifuata watu wengi, lakini maziko hutayakosa kwa sababu ya mpira.

3. Mastodon ni ya nani?

Aliyeianza ni Eugen Rochko, Mjerumani, mwaka 2016. Msimbo wake uko wazi kwa leseni huria iitwayo AGPL, kwa hiyo hata yeye hawezi kuniambia nizime seva yangu. Posti moja huchukua herufi 500 kwa kawaida.

4. Si kuna ushindani? Nikichoka na Facebook nahamia Instagram.

Umehama chumba, nyumba ni ileile. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ikainunua WhatsApp mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na tangu Oktoba 2021 kampuni mama inaitwa Meta. Tarehe 4 mwezi huohuo zote tatu zilizimika pamoja kwa muda wa saa sita hivi, dunia nzima. Hapa watu walileta simu dukani wakidhani zimeharibika. Nililazimika kuwarudishia moja moja, na wengine hawakuamini mpaka zilipowaka usiku.

## Kufutiwa na kufungiwa

5. Kwa nini posti yangu imefutwa na sikutukana mtu?

Kwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna mtu aliyeisoma. Mashine ndiyo iliyoisoma, na mashine inajua Kiingereza kuliko Kiswahili, na Kiswahili kuliko Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Mteja wangu mmoja aliandika siku ya Arafa kwamba "kesho tutachinja baada ya sala, njooni mchukue fungu lenu." Mtandao mmoja mkubwa ukaiondoa, ukamwambia inachochea ukatili. Akaandika upya kwa Kiamu, "tutatinda", na mashine ikanyamaza. Tulicheka sana dukani, lakini ukikaa ukifikiri si kichekesho: kama haikuelewa mwaliko wa nyama, basi matusi na vitisho vya Kiswahili navyo vinaipita.

Na vinaipita kweli. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wetu, shirika la Global Witness pamoja na Foxglove walijaribu kuingiza Facebook matangazo ya chuki ya kikabila, ya Kiingereza na ya Kiswahili, wakiwa wamepanga kuyaondoa kabla hayajaonekana na watu. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza, baadhi yalikataliwa kwanza, na sababu mojawapo ilikuwa sarufi, yaliporekebishwa yakapita. NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa taifa, ikaipa kampuni siku 7 kujirekebisha.

Pili, wako wakaguzi binadamu, na baadhi yao walikuwa karibu nasi kuliko unavyodhani. Walikuwa Nairobi, wameajiriwa na kampuni ya Sama kuikagulia Facebook, wakitazama kutwa video za mauaji na unyanyasaji ili sisi tusizione. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Meta na Sama hapa Kenya mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakaenda mahakamani na kesi yao. Meta ilidai si kampuni ya Kenya, haishtakiki hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba inashtakika.

Kwa hiyo ukiuliza "nani amenifutia?", jibu ni mashine isiyokuelewa, au kijana aliyechoka aliyepewa sekunde chache. Kumwandikia yeyote kati yao haiwezekani. Unabonyeza "sikubaliani", unangoja.

6. Ni kweli tangazo la punda lilifutwa mara tatu?

Ni kweli, na mwenye punda ameniruhusu nilisimulie bila jina lake. Aliandika kwenye mtandao mmoja wa kampuni: "Punda jike, miaka 4, amezoea mchanga na matofali, hana kidonda." Likafutwa kwa kuwa wanyama hawauzwi hapo. Akalirudisha bila bei, likafutwa. Akalirudisha na picha ya nyuma tu, likafutwa na akaunti ikafungwa siku 7. Aliporudi akaandika: "Gari la Lamu, halili petroli, linajua njia ya nyumbani lenyewe." Lilikaa siku mbili, na punda akauzwa Matondoni.

Kanuni ile ina maana yake kule ilikotungwa, ambako watu huuza watoto wa mbwa waliozalishwa kwenye vizimba. Kwa mji ambao mchanga, saruji na mitungi ya gesi hufika mlangoni mgongoni mwa punda, haina maana. Ubaya hapa si ukali wa kanuni. Ubaya ni kwamba hakuna wa Lamu aliyekuwapo ilipotungwa, na hakuna mlango wa kuingilia kusema "subirini kwanza".

7. Lakini kampuni ina haki na nyumba yake. Udhibiti si kazi ya serikali?

Swali hili huletwa na walimu, na ni zuri. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, na chenyewe kinatoa nje uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na propaganda za vita. Anayekuzuia akiwa ni dola, unajua pa kwenda.

Kampuni nayo ina haki ya kupanga nyumba yake. Hata mimi naipanga yangu (tazama la 9). Tatizo ni ukubwa. Mwenye baraza moja akikukataza, unahamia baraza la pili na watu ni walewale. Baraza likiwa moja mji mzima, neno lake linakuwa sheria, ila ni sheria isiyotungwa na bunge wala kusomwa na kadhi. Inabadilika kwa uamuzi wa watu wachache. Septemba 2016 Facebook ilifuta picha mashuhuri ya vita vya Vietnam, ya msichana anayekimbia moto wa napalm, iliyowekwa na watu wa Norway. Gazeti kubwa la nchi ile lilipopiga kelele, ikarudishwa. Januari 2025 Meta ikatangaza kuachana na wakaguzi huru wa ukweli nchini Marekani. Unaweza kuafiki la kwanza na kulipinga la pili, au kinyume chake. Kwa vyovyote hukuulizwa, na wewe huna gazeti kubwa la kukupigia kelele.

Kuna na udhibiti usiokuwa na jina: posti haifutwi, ila haionyeshwi. Huwezi kukata rufaa kwa kitu ambacho hujui kimetokea. Mfano wa maziko katika la 2 ni wa namna hiyo, japo pale ulikuwa mpangilio wa biashara tu.

8. Serikali ikifunga mtandao, Mastodon itanisaidia?

Inategemea wamefunga nini.

Wakizuia programu moja, ndiyo, kwa kiasi. Novemba 2024 Telegram ilizuiwa Kenya wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Nigeria iliizuia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, baada ya Twitter kufuta posti ya rais wao. Mei 2025 X ilizuiwa Tanzania. Mtandao wa kampuni una mlango mmoja, na mlango mmoja ni rahisi kuupiga kufuli. Fedivasi ina maelfu ya seva; ukizibwa mmoja, mingine inapitika.

Wakizima intaneti yenyewe, kama Uganda siku za uchaguzi wa Januari 2021, hakuna Mastodon wala chochote. Na tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini mwetu. Safaricom ilisema ni hitilafu kwenye nyaya mbili za chini ya bahari. Iwe nini iwe nini, sisi watu wa seva huru tulikaa tukitazama duara likizunguka kama watu wengine wote. Anayekuuzia mtandao huria kama dawa ya kuzimwa intaneti anakudanganya.

9. Kwa hiyo kwenye mtandao huria hakuna anayefuta?

Wapo wa kufuta, tena wengi. Kila seva ina msimamizi na kanuni zake, na msimamizi anaweza kufuta posti, kumfungia mtu, au kukata mawasiliano na seva nzima. Mwaka 2019 Gab, mtandao wa Marekani uliojaa chuki za mrengo wa kulia, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Kwa kuwa ni programu huria hakuna aliyeweza kuwakataza kuitumia. Ila seva nyingi zilikata nao mawasiliano, wakabaki wakisemezana wenyewe.

Sisi kwenye seva yetu tumefuta. Mtu aliweka picha za wasichana waliokuwa wakiogelea Shela, wazi bila idhini yao. Tuliziondoa ndani ya nusu saa na tukamweleza kwa nini. Alikasirika, akahamia seva nyingine, na anatufuata hadi leo kutoka huko. Hapo ndipo tofauti ilipo. Swali ninalomwuliza kila anayekuja si "utafutiwa au hutafutiwa?" Utafutiwa. Swali ni: ukifukuzwa, unaondoka na nini mkononi?

## Kuhama

10. Nikienda huko nitamkuta nani?

Wachache. Nikisema vingine nitakuwa mwongo. Utakuta wanahabari, watu wa kompyuta, wanasayansi, wapiga picha, na Waswahili wa kuhesabika. Hutamkuta shangazi yako. Wengi waliingia baada ya Elon Musk kuinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na si wote waliobaki.

Ushauri wangu ni kutohama peke yako. Hameni kikundi: timu ya mpira, wanafunzi wa madrasa moja, wavuvi wa gati moja. Watu kumi wanaojuana wana mazungumzo. Mtu mmoja na wafuasi mia wageni hana.

11. Naweza kuondoka na wafuasi wangu?

Kutoka mtandao wa kampuni, hapana. Unaweza kupakua nakala ya posti na picha zako, na ninakusihi ufanye hivyo leo, ila watu hawapakuliki.

Kutoka seva moja ya Mastodon kwenda nyingine, ndiyo. Unaelekeza akaunti ya zamani kwenye mpya, na wafuasi wanahamishwa wenyewe. Orodha ya unaowafuata unaipakua kama faili na kuipandisha huko. Posti za zamani hazihami. Zinabaki kwenye seva ya kwanza. Huo ni upungufu, na watu wanaulalamikia kwa haki.

Kampuni zinajua uzito wa jambo hili. Desemba 2022 Twitter iliifungia akaunti ya Mastodon, ikazuia viungo vya kwenda kwenye seva zake, kisha tarehe 18 ikatangaza marufuku ya kutaja mitandao ya wengine kwa nia ya kuwavuta watu huko. Marufuku yenyewe iliondolewa upesi kwa kelele za watu. Mfanyabiashara hatii kufuli kwenye mlango wa kutokea kama hana hofu na anayetoka.

12. Bando langu ni la mtandao mmoja tu. Itakuwaje?

Utalipa zaidi, na hili ndilo kikwazo kikubwa kuliko vyote ninavyosikia. Kampuni ya simu ikikuuzia bando la WhatsApp peke yake kwa bei ndogo, intaneti kwako inakuwa WhatsApp. Mpango wa Free Basics wa Facebook ulikuwa hivyohivyo: tovuti chache bure, na Facebook mojawapo. Uliingia Kenya kupitia Airtel mwaka 2014, wakati huo ukiitwa Internet.org. India, mamlaka ya mawasiliano iliukataa Februari 2016 kwa hoja kwamba haifai bei ya data itofautiane kwa kutegemea unachofungua.

Kwa bando la kawaida, zima video za kujicheza zenyewe kwenye mipangilio. Mastodon ya maandishi inakula kidogo.

13. Nianzie seva gani?

Soma ukurasa wa "kuhusu" kabla ya kujiandikisha. Tazama nani anaiendesha, imekuwapo tangu lini, kanuni zake ni zipi, na gharama analipa nani. Seva isiyosema inalipwa na nani, ikimbie. Seva kubwa ni imara zaidi. Ndogo msimamizi wake unamjua na unaweza kumfuata hadi dukani. Wanafanya hivyo.

14. Nauza kwa Facebook. Nifunge ukurasa?

La, usifunge. Wateja wako wako huko na watoto wanataka kula. Dada mmoja anayeoka mikate ya mofa alifungiwa ukurasa na mtandao mmoja siku kumi kabla ya Ramadhani, kwa kuwa jina la ukurasa halikulingana na la kitambulisho. Kitambulisho kina majina matatu ya baba na babu, ukurasa una jina analoitwa mtaani. Alikuwa na wafuasi elfu mbili na ushei, na nambari za simu za watu kumi na wanne.

Siku hizi ana daftari. Kila anayenunua anaandikwa jina na nambari, kwa kalamu, akikubali. Ukurasa ulirudi baada ya wiki tatu. Daftari hajaliacha.

## Maswali magumu

15. Msimamizi wa seva anaweza kusoma ujumbe wangu wa faragha?

Ndiyo. Mimi naweza. Sisomi, lakini naweza, kwa sababu ujumbe wa faragha wa Mastodon haufungwi kwa ufunguo ulio kwako peke yako. Mei 2023 nchini Marekani, FBI ilipopekua nyumba ya msimamizi mmoja wa seva ya Kolektiva kwa jambo lisilohusiana na seva, ilichukua na nakala ya hifadhidata ambayo haikuwa imefungwa.

Kwa siri tumia programu ya ujumbe ya Signal. Hata WhatsApp, ambayo ni ya kampuni, tangu 2016 inafunga ujumbe kwa namna ambayo kampuni haisomi yaliyomo, japo inajua nani kamwandikia nani na lini. Hapa mtandao wa kampuni umeushinda wa kwetu, na sioni haya kulisema.

16. Seva yenu ikifa?

Ilishakufa, siku mbili, katikati ya Maulidi. Seva ya Mastodon hujiwekea nakala za picha za seva nyingine ili zifunguke upesi, na mimi sikuwa nimepanga zifutwe kila baada ya siku kadhaa. Diski ikajaa, hifadhidata ikagoma, na wageni waliokuja kutazama mashindano ya punda na ngoma za Msikiti wa Riadha hawakuweza kuweka hata picha moja kwetu. Wakaziweka kwa kampuni. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo usafishaji unajiendesha kila usiku.

Seva ikifungwa kwa hiari, desturi nzuri ni kutoa notisi ya miezi mitatu watu wahame (tazama la 11). Lakini notisi haipatikani kila mara. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza jina lake kwa kuwa .af ni mali ya Afghanistan na Taliban ndio walio madarakani. Chunguza jina la tovuti ni la nchi gani.

Usidhani kampuni hazifi. Google+ ilifungwa Aprili 2019, na mwaka huohuo MySpace ikakiri kuwa nyimbo zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea.

17. Threads na Bluesky nazo ni huria?

Threads ni ya Meta. Ilianza Julai 2023, na Desemba mwaka huo ikaanza kujaribu kuzungumza na fedivasi kwa ActivityPub. Mlango umefunguliwa nusu, na ufunguo ni wa Meta. Baadhi ya seva zimekata nayo mawasiliano kabla hata hazijasalimiana. Sisi hatujaikata, kwa kuwa ndugu zetu wa Mombasa wako huko.

Bluesky ina itifaki yake, AT, iliyo wazi, na ilifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024. Kwa muundo imejitahidi. Kwa matumizi, sehemu kubwa ya watu bado wako kwenye kompyuta za kampuni moja.

Msimbo peke yake haukuhakikishii lolote. Truth Social ya Donald Trump ilijengwa mwaka 2021 juu ya msimbo wa Mastodon.

18. Na uchochezi? Si bora kampuni yenye nguvu izuie?

Hapa sina jibu lililonyooka. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, watu wa kaunti hii wanajua tetesi inavyotembea usiku, na simu inavyoitembeza. Ningependa kuwe na mwenye nguvu wa kuizima. Ila Novemba 2018 Facebook yenyewe ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lake lisitumike kuchochea ghasia Myanmar. Nguvu ilikuwapo. Wanaojua lugha ile walikuwa haba.

Kilichosaidia kidogo ni breki za kawaida: WhatsApp kupunguza mahali pa kusambaza ujumbe kuwa 5 mwaka 2019, na ule uliosambazwa mno kuwa mahali 1 tu Aprili 2020. Kilichosaidia zaidi, kwa nilivyoona mimi, ni admini wa kundi anayejua kuwa mzee fulani akisikia atamwita.

Seva ndogo ya chuki inaweza kuwapo na isizimwe na mtu. Hilo ni kweli. Itakatwa na wengine, kama katika la 9, lakini itabaki ikiwaka kwenye kona yake.

19. Sheria za Kenya zinanifuata huko?

Zinakufuata popote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 haiulizi uliandika kwenye programu gani. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje na kudai zirekebishwe. Haki hiyo unayo kwa kampuni, na unayo kwangu mimi.

20. Kasida, picha za mitaa, sauti za wazee: zikae wapi?

Si kwa kampuni peke yake, wala si kwangu peke yangu. Video ya twari (matari) tuliyoirekodi wenyewe harusini iliwahi kunyamazishwa na mtandao mmoja kwa madai kwamba sauti ni mali ya kampuni ya muziki. Mpigaji alikuwa ameketi mbele yangu, vidole vina plasta. Na mwaka jana nilizitafuta picha za mikutano ya kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hapa Lamu, ule ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019. Akaunti mbili nilizozikumbuka hazipo tena, na waliozifungua hawakuwa na nakala, kwa sababu walidhani kuziweka mtandaoni ndiko kuzihifadhi.

Weka mtandaoni ili zionekane. Weka diskini ili zibaki. Nakala mbili, nyumba mbili, na kila faili iwe na jina la mtaa na tarehe badala ya IMG na tarakimu. Mimi nina diski moja dukani. Ya pili iko kwa ami yangu Shela, imefungwa kwa mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la nguo ghorofani, isifikiwe na chumvi. Kila mwezi naivukisha kwa mashua kuiongezea, naye kila mwezi ananiuliza kwa nini nisiitie tu Facebook.